Sikukuu ya Wenyeji, Zamu ya Wageni

Tarehe 11 Januari 2025, katika hotuba ya kutimiza miaka mitano tangu akalie kiti, Sultani Haitham bin Tarik wa Oman alitangaza kuwa Siku ya Taifa ya nchi yake inahama. Haitakuwa tena 18 Novemba, tarehe aliyozaliwa Sultani Qaboos bin Said, bali 20 Novemba, kwa heshima ya mwaka 1744, Imamu Ahmed bin Said alipouasisi utawala wa Al Busaidi. Kwa mtu aliyezaliwa pwani ya Afrika Mashariki ukoo huo si wa mbali. Ndio ukoo wa Seyyid Said aliyehamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, na ndio uliokalia kiti cha Zanzibar hadi Januari 1964.

Mwandishi wa makala haya aliisoma habari hiyo kwenye simu akiwa Tanga, na mawazo yake yakaenda moja kwa moja kwa mafundi wa Wadi Kabir. Maboksi ya stika zilizochapwa 18 Novemba yatapelekwa wapi? Swali hilo linaweza kuonekana dogo mbele ya mambo ya falme, lakini kuanzia 2013 hadi 2016 yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa mafundi hao, na Siku ya Taifa ya Oman aliijulia hapo, akiwa ameinama juu ya boneti za magari ya watu.

Wadi Kabir ni sehemu ya Muscat iliyo jirani na Ruwi, yenye gereji na maduka ya vifaa vya magari yaliyobanana bega kwa bega. Duka alilofanyia kazi liliishi mwaka mzima kwa kubandika tinti, kuvisha viti makava na kuuza mazulia ya mpira. Novemba ilikuwa na kazi yake pekee. Waomani huipamba gari kama nyumba yenye harusi: boneti huvishwa bendera, milango hubeba jambia na panga mbili zilizopishana, na kioo cha nyuma huwekwa picha ya Sultani. Polisi hutangaza kila mwaka kipindi cha mapambo hayo na masharti yake. Namba isifunikwe, taa zisizibwe, kioo cha mbele kibaki wazi, na kipindi kikiisha kila kitu kibanduliwe.

Kazi yenyewe haikutaka pupa. Boneti ilioshwa, ikafutwa kwa spiriti, kisha ikanyunyiziwa maji yenye sabuni kidogo ili stika iweze kuteleza kabla haijashika. Watu wawili waliishika karatasi kwenye ncha, wakaishusha taratibu, halafu mmoja akaanza kukamua maji kwa kipande cha plastiki kutoka katikati kwenda pembeni. Puto la hewa likibaki lilitobolewa kwa pini. Pindo zilipashwa kwa mashine ya hewa ya moto mpaka zikalala, kisha ziada ikakatwa kwa wembe. Mchana bati lilikuwa la moto na stika ilinata kabla haijanyooshwa, kwa hiyo magari mengi yalishughulikiwa baada ya magharibi, na foleni ilifika barabarani.

Fundi mkuu alikuwa mtu wa makamo kutoka Kerala, India, aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Alikuwa na sheria moja isiyojadiliwa: nembo haikatwi. Kwenye bendera ya Oman, nembo ya jambia na panga hukaa juu ya ule ukanda mwekundu ulio upande wa mlingoti. Kama boneti ilikuwa na tundu la hewa mahali nembo inapoangukia, alihamisha karatasi yote na kuanza upya, hata mteja akiwa amesimama anapiga honi. Vijana wa Bangladesh waliokuwa wakimsaidia walilijua hilo, na kijana wa Tanga naye akalijua. Katika karakana ile hapakuwa na raia hata mmoja, na heshima ya bendera ilikuwa mikononi mwao.

Hapo ndipo mwandishi alipoanza kuiangalia sherehe kwa macho mengine. Taa nyeupe, nyekundu na kijani zilizoning'inizwa kando ya Barabara ya Sultani Qaboos zilifungwa na mafundi wa kutoka Asia ya Kusini waliopanda ngazi usiku. Skafu na nguo za watoto zenye rangi za bendera zilitoka kwenye vibanda vya washonaji wa Ruwi, nao hawakuwa Waomani. Katika miaka hiyo wageni walikuwa zaidi ya wanne katika kila watu kumi wanaoishi nchini humo. Ukiwaondoa kwa wiki moja ya Novemba, taifa lingebaki na furaha yake, lakini barabara zisingeionyesha.

Kilichofuata mwaka huo wa 2013 kilihusu pesa. Serikali ilipotangaza mapumziko, ofisi zikafungwa, na karakana ikafanya kazi mpaka usiku wa manane. Mwisho wa mwezi mshahara ulikuja vilevile, bila nyongeza wala siku ya kupumzika badala yake. Vijana walinung'unika chumbani. Yule fundi wa Kerala hakunung'unika. Alikuwa anaijua sheria ya kazi ya mwaka 2003 iliyokuwa ikitumika wakati ule, na alijua kuwa anayefanyishwa kazi siku ya mapumziko rasmi ana haki ya kufidiwa. Aliwaambia wasiende mmoja mmoja. Walikwenda wote kwa tajiri, wakasalimia, wakakaa, akasema yeye kwa niaba yao kwa Kiarabu cha sokoni lakini kinachoeleweka. Tajiri aliuliza maswali machache, akatafuta kalenda, akakubali kuwapa siku za kufidia mwezi Desemba, stika zikishamaliza kubanduliwa.

Maana kubandua nako kulikuwa msimu. Kipindi cha polisi kilipoelekea ukingoni, magari yaleyale yalirudi, safari hii bila nyimbo. Stika iliyokaa juani hutoka vipandevipande, gundi hubaki kwenye rangi, na fundi hukaa saa nzima na kitambaa chenye mafuta akisugua ili bati lirudi kama lilivyokuwa. Wapiga picha wa magazeti huwa wameshaondoka. Ukitaka kujua sherehe imegharimu nini, hiyo ndiyo wiki ya kutazama.

Sheria ile iliyowafaa mafundi haikumfaa kila mtu. Mwandishi alikuwa akiwasiliana na binti wa Lushoto aliyefanya kazi za ndani Al Khoud, upande wa magharibi wa jiji. Walifahamiana kwa sababu ya mizigo: mmoja akipata mtu wa kwenda nyumbani, mwingine hutuma zawadi. Usiku wa 18 Novemba binti huyo alituma ujumbe wa sauti saa nane, na nyuma ya sauti yake yalisikika maji yakitiririka. Wageni walikuwa wamekuja kwa makundi tangu adhuhuri. Kila kundi lilipokelewa kwa kahawa, tende na halua, na kila kundi lilipoondoka finjani zilioshwa upya. Finjani ni kikombe kidogo kisicho na mkono, kinateleza kikiwa na sabuni, na alikuwa na sinia zima la kuosha huku akiwaza wali wa kesho.

Hakuwa akilalamika juu ya mwajiri wake. Yule mama wa nyumba alimnunulia gauni jipya la sikukuu, akamtilia mkononi riyali chache, akamwita apige picha pamoja na watoto. Jambo alilolitaka lilikuwa jingine: alitaka kujua ni siku gani atalala. Sheria ya kazi ya 2003 iliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani. Kwa hiyo fundi wa karakana na mpishi wa jikoni, wote wawili Watanzania, wote wawili wakiwa kazini usiku uleule, walisimama mahali tofauti kabisa kisheria. Mmoja alikuwa na dai, mwingine alikuwa na hisani. Hisani ni jambo zuri, na mwandishi hana nia ya kuidharau, lakini haimwezeshi mtu kupanga wiki yake.

Desemba ilipoingia, kalenda ya nyumbani nayo ilikuja. Tarehe 9 ni Uhuru wa Tanganyika, tarehe 12 ni Jamhuri ya Kenya, na kule Muscat zote mbili ni siku za kazi kama nyingine. Wakenya wawili waliokuwa walinzi wa jengo la jirani walikula chapati na mbuzi usiku wakitoka zamu, wakaalika majirani. Ndiyo sherehe yote. Ugeni una namna hiyo ya kumfundisha mtu: sikukuu yake inaweza kupita barabarani na asiitambue hata mmoja, na siku ya pili anaulizwa mbona amechelewa.

Kisha ikaja 12 Januari 2014.

Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa yanatimiza miaka 50, na Uwanja wa Amaan ulijaa. Katika chumba alichopanga mwandishi kulikuwa na kijana wa Unguja, dereva wa familia moja ya Kiomani yenye asili ya Zanzibar. Familia za namna hiyo ni nyingi Muscat. Baadhi ya watu wao walikimbia mwaka 1964, wengine wakapitia Misri, Uingereza na nchi za Ghuba, na baada ya 1970 Sultani Qaboos alipowaita Waomani warudi kujenga nchi, wakarudi na Kiswahili chao. Mpaka leo ukiingia duka la Seeb au hospitali ya Muscat unaweza kusikia mtu akiitwa kwa lafudhi ya Pemba.

Siku hiyo ya Jumapili kijana wa Unguja alikuwa akimpeleka kliniki bibi wa ile familia. Wakati wakisubiri kwenye maegesho alifungua simu kutazama gwaride, na bendi ikasikika mpaka kiti cha nyuma. Bibi aliuliza ni ngoma gani hiyo. Akajibiwa, "Ni kwetu, bibi. Sherehe ya Mapinduzi."

Bibi akamwambia kuwa siku ile yeye alikuwa msichana, na kwamba baba yake alitoka asubuhi kwenda kutazama kuna nini na hakurudi. Alilisema hilo bila kupandisha sauti. Kijana, kwa upande wake, alikuwa mjukuu wa mkulima aliyepewa eka tatu baada ya Mapinduzi, zile eka tatu zilizogawiwa watu wasio na ardhi, na ni kwenye shamba hilo baba yake alikozaliwa na kusomeshwa. Alitaka kuizima simu. Bibi akamkataza. "Acha, mwanangu, utazame watu wako," akamwambia, kisha akamuuliza kama karafuu bado zinaanikwa kwenye majamvi kandokando ya njia.

Usiku kijana alikisimulia kisa hicho chumbani, na mjadala ukafika saa sita. Mwandishi alikulia Tanga, ambako Januari 12 ilikuwa siku ya shule kufungwa na redio kupiga nyimbo za mapinduzi. Hakuwahi kukaa na mtu ambaye tarehe hiyo kwake ni ya msiba. Wala hakubadili msimamo wake kwamba ardhi ile ilistahili kugawiwa. Lakini alijifunza kitu ambacho asingekipata kwenye kitabu cha darasa la saba: sikukuu ya taifa huamua ni kipi kisimuliwe kwa sauti, na wale ambao hawakuingia katika simulizi hiyo wanaendelea kuishi, wanazeeka, wanahitaji kupelekwa kliniki, na pengine anayewaendesha ni mjukuu wa upande wa pili.

Ndiyo maana tangazo la Januari 2025 limemgusa kuliko alivyotarajia. Ndani ya Oman, mwaka 1744 ni mwanzo wa dola. Zanzibar, ukoo huohuo ndio uliopinduliwa, na kupinduliwa kwake ndiko kunakoadhimishwa. Tena sikukuu za pande hizo mbili zimekaribiana mno: tangu 2022, tarehe 11 Januari ni mapumziko Oman kwa ajili ya kutawazwa kwa Sultani Haitham, na kesho yake Zanzibar inasherehekea Mapinduzi. Mfanyakazi wa Kizanzibari aliyeko Muscat huvuka kutoka siku moja hadi nyingine kwa usiku mmoja, na kila upande anatakiwa aseme heri.

Novemba ya 2014 haikufanana na iliyotangulia. Sultani Qaboos alikuwa Ujerumani kwa matibabu tangu Julai, na tarehe 5 Novemba alionekana kwenye televisheni akiwaambia wananchi kuwa sikukuu itamkuta nje ya nchi. Pale karakanani kazi ilibadilika ghafla. Wateja waliacha kuulizia bendera, wakawa wanataka picha ya Sultani, na waliitaka kubwa. Mzee mmoja aliyeingia na pikapu ya zamani alimsikia mwandishi akizungumza Kiswahili kwenye simu, akageuka.

"Wewe mtu wa wapi?"

"Shikamoo, baba. Tanga."

"Marahaba. Mie kwetu Wete, Pemba. Basi nibandikie vizuri, mwanangu. Huyu ndiye aliyetupa pa kurudi."

Alisimama kando ya kioo muda wote picha ilipokuwa ikinyooshwa, na alipoona puto dogo karibu na kilemba cha Sultani alilielekeza kwa kidole mpaka likatolewa. Kabla ya hapo mwandishi alizichukulia picha zile kuwa ni desturi tu ya nchi ya kifalme. Kwa mzee huyu zilikuwa na hesabu yake: mtu aliyepoteza nchi moja akiwa kijana alikuwa akimwombea afya aliyempa ya pili. Mgeni anayefanya kazi kwenye sherehe za wenyewe hupewa nafasi ya kuona mambo kama hayo kwa karibu, na ni vyema asiharakishe kuyapa jina.

Sultani alirejea tarehe 23 Machi 2015, na jioni hiyo magari yalimiminika barabarani bila kusubiri Novemba. Karakana ilimaliza akiba yake ya bendera. Hakuna aliyelalamika juu ya saa za kazi, kwa sababu furaha ile ilikuwa ya kweli na ilimwambukiza kila aliyekuwapo, mwenye uraia na asiye nao.

Mwaka huohuo wa 2015 uliishia kwa tofauti kubwa. Oman iliadhimisha Siku ya Taifa ya 45 huku bei ya mafuta duniani ikiwa imeporomoka, lakini taa za barabarani ziliwaka. Siku chache baadaye, Rais John Magufuli, aliyekuwa ameapishwa Novemba, alifuta sherehe za 9 Desemba na kuagiza Watanzania wafanye usafi. Fedha zilizopangwa, shilingi bilioni 4, zikaelekezwa kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco jijini Dar es Salaam. Siku yenyewe ilipofika, video za Rais akiokota taka karibu na Ikulu zilifika Wadi Kabir kabla ya chai ya saa nne. Chumbani wengi walimsifu. Kijana wa Unguja ndiye aliyesema, na mwandishi anakubaliana naye mpaka sasa, kwamba anayeishi nyumbani anaweza kulikosa gwaride mwaka mmoja bila neno, ila aliye mbali lile gwaride la kwenye simu ndiyo siku pekee anayoiona bendera yake ikipandishwa.

Katika chumba kile kulikuwa na watu waliotumia mwezi mzima kuzinyoosha bendera za wengine. Si ajabu walitaka kuiona ya kwao.

Mwaka 2023 Oman ilitoa sheria mpya ya kazi kwa Amri ya Kifalme namba 53, na kabla ya hapo, tangu Januari 2021, iliondoa sharti la mfanyakazi kupata barua ya kutopingwa kutoka kwa mwajiri wa kwanza ili aweze kuhamia kwa mwingine. Hayo ni mabadiliko makubwa, na anayeujua mfumo wa kafili, unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri aliyemdhamini, anaelewa uzito wake. Hata hivyo wafanyakazi wa nyumbani wameendelea kuwekewa kanuni zao peke yao, nje ya sheria hiyo kuu, na wengi wa mabinti wanaoondoka Tanga, Pemba na Mombasa wanakwenda kufanya kazi hizohizo za ndani.

Wakijua kuwa mwandishi aliwahi kuishi huko, wazazi humletea mikataba aisome. Binti mmoja wa Muheza alikuja na wake akiwa na mama yake mzazi. Ulikuwa wa Kiarabu na Kiingereza, lugha mbili ambazo hakuna aliyezisoma nyumbani kwao. Mshahara ulitajwa, tiketi ilitajwa, matibabu yalitajwa. Siku ya mapumziko ya wiki iliandikwa kwa mstari mmoja, na juu ya sikukuu hapakuwa na kitu. Walikaa barazani, mwandishi akatafsiri kifungu kwa kifungu, na binti akaandika maswali yake kwenye daftari: siku za Idi na Siku ya Taifa atafanya kazi mpaka saa ngapi, akizifanya atapewa siku gani badala yake, simu atakaa nayo nani, na pasipoti je.

Wakala wa ajira alipopelekewa maswali hayo alijibu kuhusu simu na pasipoti siku ileile. Kuhusu sikukuu alisema mambo hayo watayamaliza wenyewe kule kwa kule. Mama mtu akamrudishia mkataba bila sahihi, akamwambia binti yake atasubiri mpaka jibu hilo nalo liandikwe.